Baiskeli Iliyolala Upande wa Gia

Mmeniuliza safari ilikuwaje, mmoja sokoni, mwingine nje ya kanisa, mwingine kwa simu nikiwa naoga. Kila mtu nilimpa kipande, na sasa nasikia vipande vimeungwa hadi nimekuwa mtu aliyekimbizwa na wavuvi Karungu. Hakuna aliyenikimbiza. Nimeketi niandike yote, msome wenyewe, mwache kuulizana.

Kwa wasioijua baiskeli yangu, ni ile ya mbio, matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Ni mtumba. Tulinunua mbili siku moja, mimi na Owuor. Mimi mnanijua, Musyoka wa sare za shule, Mkamba aliyekaa Migori mpaka anaota kwa Dholuo. Owuor alifundisha fizikia hapa kabla hajarudi kwao Homa Bay. Kwa miaka mingi tuliendesha pamoja kila Jumapili, yeye mbele, mimi nyuma, na yeye ananisikiliza. Owuor huijua gia isiyokaa sawa kwa sikio tu, na hajawahi kuwa na adabu ya kunyamaza.

Mwaka jana lori lilimgonga. Paja likavunjika, likatiwa chuma. Daktari alimwambia atatembea, hata baiskeli ataendesha polepole, ila sharti autumie mguu. Badala yake Owuor akajifungia ndani. Watu walikuja na sukari na maombi, wakautazama mguu, wakatikisa vichwa. Akaacha kupokea wageni, halafu akaacha kupokea simu, zangu zikiwemo. Sitaficha, iliniuma.

Mkewe, Dorcas, ndiye aliyenipigia. Alisema mumewe hatoki hata uani na mguu unazidi kukauka. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Nikamsikia akimweleza, na jibu likatoka chumbani kwa sauti ninayoijua: "Mwambie akikuja na gari asibishe mlango."

Basi ikawa lazima niende kwa baiskeli. Sikuwa na mazoezi ya kutosha, na tumbo langu mnalijua. Nilitaka tu ule mlango ufunguliwe.

Migori hadi Karungu

Njia fupi ni ya Rongo, lakini ina malori, na baada ya yaliyompata Owuor siyapendi. Nikaamua kuzunguka kwa Karungu, nilale ziwani Ijumaa, kisha nipande Ndhiwa na Rodi Kopany mpaka Homa Bay siku ya pili. Owuor mwenyewe aliipenda njia hiyo.

Kutoka mjini gia zilikuwa kimya kabisa. Taabu ilikuwa ya watu. Mtu mzima aliyevaa kofia ya chuma na suruali ya kubana, peke yake barabarani, hueleweka kwa namna moja tu: yuko kwenye mashindano na ameachwa. Mzee aliyekuwa akitengeneza ua alinyanyuka akanitazama kwa huruma. "Wenzako wamepita kitambo," akasema. Nikamweleza kwamba sina wenzangu. Akaniambia nisikate tamaa.

Mbele kidogo wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi waliniambia nikaze, nitawapata. Mwenye duka moja alinipa maji na kuniapia kwamba wamekata kona ile sasa hivi, na mmoja wao amechoka sana. Nawaambia ukweli, baada ya huyo nilianza kutazama mbele nione kama kuna mtu.

Omena na mvua

Karungu nilifika na njaa. Nikaingia hoteli ya mama mmoja karibu na ufuo, anaitwa Min Achieng', mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru, nikaagiza ugali na ngege wa kukaanga. Nje, omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, eneo kubwa linalong'aa mpaka macho yanauma. Samaki alikuwa ameshaletwa mezani wakati wingu lilipotokea upande wa ziwa.

Kule mvua ikitishia omena hakuna mgeni wala mwenyeji. Wenye pikipiki waliacha pikipiki, kinyozi alimwacha mtu na kichwa nusu. Omena zikilowa zinaoza, na kazi ya nyumba nzima inakwenda na maji. Sikuwa nimenawa mikono Min Achieng' aliponitupia gunia. "Wuoda, hiyo baiskeli weka stoo, halafu ukuje," akasema, kana kwamba mimi ni mwanawe kweli.

Niliisimamisha baiskeli ukutani mwa stoo, nikakimbia. Tulikusanya kwa mikono, kwa mabeseni, mwalimu wa chekechea alikusanya kwa leso yake. Magunia yakapelekwa stoo mbiombio, kila mtu akitupa lake alipopata nafasi. Tone la kwanza lilianguka tukiwa na gunia la mwisho mlangoni, na watu wakacheka kwa raha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ngege wangu alikuwa amepoa. Min Achieng' akamkaanga upya, akaongeza wa pili, na mvua ilipokataa kuisha akanipa kitanda kwenye chumba cha nyuma ya hoteli, akakataa katakata malipo.

Asubuhi magunia yalipotolewa, baiskeli ilikuwa chini kabisa, imelala. Wanaume watatu waliifukua kwa heshima. Mmoja akaiosha kwa sabuni, akaifuta mpaka ikawa safi kuliko siku niliyoinunua, ingawa ilinuka omena, na bado inanuka. Nikasema ero kamano, asante, kwa kila mtu. Min Achieng' akanifungashia samaki mkavu kwenye gazeti, kisha akaniuliza kwa upole kama wenzangu watanisubiri.

Karungu hadi Ndhiwa

Sikumaliza hata kilima cha kwanza. Cheni ilianza kuruka. Ninapobadilisha gia hapa, inafika kule, inakaa kidogo, inarudi yenyewe. Na kelele, kama mtu anayetafuna barafu.

Nikadhani mvua imeingia kwenye waya wa gia. Pale waya unapoingilia nyuma kuna kifundo kidogo cha kuukaza au kuulegeza kwa vidole. Nikakizungusha kidogo. Gia ndogo zikanyamaza, nikafurahi. Nikafika mlima, nikapanda gia kubwa, kelele zikarudi maradufu. Nikakizungusha kinyume. Gia kubwa zikatulia, ndogo zikaanza kuruka. Nikatia mafuta. Nikapangusa cheni kwa soksi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka magoti yakaota changarawe. Kila niliporekebisha juu, chini paliharibika.

Kisha, kwenye mwinuko mkali, nikaweka gia kubwa kabisa, ile nyepesi ya kupandia. Nikasikia tik, tik, tik. Ule mkono mdogo wa nyuma unaobeba cheni ulikuwa unagonga spoku za gurudumu. Nikashuka upesi. Hata mimi najua mkono ule ukiingia ndani ya spoku gurudumu linazunguka nao, na hapo hamna gurudumu wala gia.

Wakati huo pikapu ya samaki ikasimama. Dereva alikuwa anakwenda Homa Bay moja kwa moja. Akaniambia nitupe baiskeli nyuma, juu ya barafu, tutafika kabla ya chakula cha mchana. Nilimtazama, nikautazama ule mlima. Nikamwambia siwezi, nimeahidi kufika kwa baiskeli. Akauliza nimemwahidi nani. Nikamwambia mgonjwa. Akafikiri, akaniambia kwa uzito wote kwamba mgonjwa hawezi kujua.

Nikamwambia huyu atajua.

Ndhiwa, siku ya Sabato

Niliingia Ndhiwa nikisukuma. Nilionyeshwa kibanda cha fundi wa baiskeli, na kwa mbali nikaona matairi yananing'inia, moyo ukatulia. Nilipofika, kufuli. Nikauliza cha pili, kufuli. Muuza ndizi akanikumbusha kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba leo ni Sabato, na mafundi wote wawili wako kanisani, mmoja ni mzee wa kanisa.

Kuuliza si ujinga, nikaenda kanisani. Ibada ilikuwa imetoka, watu wako nje na nguo zao nzuri. Fundi alikuwa mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na Biblia kwapani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaizunguka baiskeli na mikono yake ameifunga nyuma ya mgongo, kama anaogopa itamshinda nguvu.

"Hii sitagusa mpaka jua iingie," akasema. "Lakini wewe utakula."

Wakanikalisha kati ya mama wawili wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wa kanisa, wakanipakulia wali, maharagwe na chapati. Chai ya majani hawanywi, nikapewa uji. Mama wa kulia alitaka kujua kama kwenye mashindano hayo wanaruhusu mtu kupumzika. Nilikuwa nimechoka kueleza, nikamwambia wanaruhusu.

Nikiwa pale na sahani mapajani, nilikuwa na huzuni, niseme wazi. Nikingoja jua lizame nitafika usiku, na mtu ambaye hataki kuonwa mchana hatafungua usiku. Nikipanda gari, alishasema. Nikatoa simu nikamwandikia Owuor, bila salamu, kwa sababu salamu zangu zote za miezi hiyo hakuzijibu: Cheni inaruka. Nikirekebisha gia ndogo, kubwa zinaharibika. Nikirekebisha kubwa, ndogo zinaharibika.

Simu iliita kabla sijairudisha mfukoni.

"Ukiweka gia kubwa inagonga spoku?" Hakuna salamu, hakuna habari ya siku nyingi.

"Inagonga."

"Jana ililala wapi?"

"Karungu."

"Sijauliza mji, omera. Ililala upande gani?"

Nikafumba macho nikaiona ile stoo, magunia yakitolewa moja moja. "Upande wa gia," nikasema. "Chini ya omena."

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu lile lori. Owuor alikuwa anacheka, kwanza puani, kisha mpaka akakohoa. Alipotulia akanieleza kama tuko darasani. Mkono wa gia haujashikwa na fremu moja kwa moja, umeshikwa na kipande kidogo cha chuma laini chenye tundu la skrubu. Magunia yamekilalia, kimepinda kwenda ndani, na mkono mzima umekaa upande. Waya hauna makosa yoyote. Tangu asubuhi nilikuwa namchapa mtoto asiyehusika.

Nikamwambia ni rahisi basi, kuna jirani hapa ana spana na nyundo, nitakinyoosha.

"Musyoka." Sauti ilibadilika. "Usiguse hiyo kitu. Hiyo inakubali kukunjwa mara moja. Ukikosea, ya pili inakatika, na hapo utapanda gari. Kaa gia za katikati. Milima shuka, sukuma. Fika Rodi, unipigie."

Nikataka kumuuliza hali ya mguu. Alikuwa amekata.

Ndhiwa hadi Rodi Kopany

Hapa hamna mengi. Niliendesha gia za katikati kwenye tambarare na kusukuma kwenye milima, na barabara ile ina milima. Ng'ombe walinipita. Mchungaji wao alinipa habari za wenzangu.

Nilipofika Rodi Kopany soko lilikuwa limechangamka, viatu, nyanya, nguo za mitumba juu ya turubai. Nikampigia Owuor. Hakupokea. Nikapiga tena, na tena. Nikaketi juu ya kreti tupu la soda nje ya karakana ya kuchomelea madirisha, na nikaanza kuwaza mabaya, kwamba amejuta kuongea, amerudi kitandani, ameugeukia ukuta.

Hasira nayo ikaja. Nikamwambia yule mchomeleaji aniazime spana yake kubwa. Kazi ni kazi. Nikapiga magoti, nikakibana kile kipande na spana, nikashika pumzi.

"Weka hiyo spana chini."

Pikipiki ilikuwa imesimama nyuma yangu. Juu yake, Owuor, amekonda, ndevu zimeota, magongo mawili yamefungwa kwa mpira kando ya kiti, na begi lake la vyombo limening'inia shingoni. Niliweka spana chini. Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa ameshaanza kuitazama baiskeli.

"Leo si Sabato?" nikamuuliza. Yeye ni Msabato wa kuzaliwa. Hata tulipokuwa tukiendesha pamoja, Jumamosi hakugusa hata pampu.

"Ng'ombe ametumbukia kisimani," akasema. "Yesu mwenyewe alisema atolewe. Nisaidie nishuke."

Mpaka leo Dorcas anaamini nilipanga, kwamba ile nyundo na spana zilikuwa ujanja wa kumtoa mumewe ndani. Sikupanga. Mngeona jinsi nilivyokuwa nimekibana kile kipande mngejua.

Alinifanya nitoe mkono wa gia na kuushika pembeni ukining'inia na waya wake. Katika begi alikuwa na chombo alichokitengeneza zamani, nondo ndefu yenye skrubu kwenye ncha. Akaifunga nondo kwenye tundu la kile kipande, akapima kwa upana wa kidole umbali kati yake na ukingo wa gurudumu, juu, chini, mbele, nyuma. Juu kidole kilipita, chini hakikupita. Akavuta taratibu, mshipa wa shingo umesimama. Chuma kikalia kidogo. Akapima tena, kidole kikapita pande zote.

Watu walikuwa wamejaa. Mtu akamtambua, "Mwalimu!" na wengine wakafuata. Nilingoja waanze habari za mguu, nikajiandaa kuwakatiza. Hakuna aliyeuliza. Walitaka kujua chuma kimepindwa na nini, na waliposikia ni omena walicheka, wakabishana gunia la omena lina uzito gani likiwa kavu. Owuor akabishana nao. Alikuwa anaizunguka baiskeli, anainama, anasimama, anaenda upande wa pili, na gongo moja tu mkononi. La pili lilikuwa bado limefungwa kwenye pikipiki. Nililiona, nikanyamaza. Mara moja katika maisha yangu nimejua kunyamaza.

Rodi hadi Homa Bay

Aliniambia nitangulie. Yeye akapanda pikipiki, akamwagiza dereva akae nyuma yangu karibu, injini isipigwe kelele, asikie.

Nikaendesha. "Ongeza," akasema. Nikabadilisha, cheni ikapanda na kukaa. "Ongeza tena." Ikakaa. Tulipanda ngazi zote mpaka gia kubwa kabisa, na spoku hazikuguswa, hakuna tik. "Rudisha." Ikashuka moja moja. Nyuma yangu kulikuwa kimya, na ukimjua Owuor, ule ukimya ndio sifa yenyewe. Nilikuwa na machozi, na haukuwa upepo.

Barabara inashuka, Mlima wa Asego unajitokeza na ziwa nyuma yake. Karibu na mjini, kijana wa kuosha magari aliponiona akaweka mikono mdomoni akapaza sauti kwamba wenzangu walishafika, mbona mimi nimechelewa.

Kabla sijajibu nikasikia kutoka nyuma: "Mwenzake ni mimi."

Nyumbani kwao jua lilikuwa bado halijaingia ziwani. Dorcas alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango na gauni lake jeupe la kanisa, Biblia imefunguka kando, viatu amevua. Alikuwa ametoka ibada ya alasiri, akabisha, akabisha, akaita, akazunguka dirishani, hakuna jibu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na hakuwa amewaza kutazama kufuli, kwa sababu kwa miezi hiyo yote hakuna mtu aliyekuwa akiufunga kwa nje. Macho yake yalikuwa mekundu.

Owuor alishuka kwenye pikipiki bila kuniomba mkono. Akaenda mpaka kwenye ngazi na gongo lake moja, akaingiza mkono mfukoni.

"Nilitoka kidogo," akasema, akamnyooshea ufunguo.

Dorcas aliitazama ile mikono, imejaa girisi mpaka kwenye viwiko, na Sabato bado haijaisha. Nilingoja aseme. Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani, na girisi ikashika kwenye lile gauni jeupe. Hakujifuta.